Pascalia na Maneno ya Mzee Lusweti

Wateja waliomjua Pascalia Andati baada ya mwaka wa tisini na tano walidhani ana wazimu kidogo. Ulikuwa ukimsomea barua yako, yeye anaandika, na kila mstari ukiisha anakuinulia kiganja unyamaze. Kidole kinaenda kwenye F kumi, kinashuka kwenye Enta, kinamalizia na Y. Kompyuta inanguruma kidogo tumboni, taa ndogo ya kijani inawaka na kuzimika, ndipo anakwambia, "Endelea." Si kila ukurasa wala kila aya. Kila mstari.

Mchungaji mmoja alikuja kuandikisha ripoti ya mwaka ya kanisa lake, akakatizwa mara arobaini kabla ya kufika kwenye harambee. Mwishowe akauliza kwa hasira kama mama huyu hamwamini Mungu. "Namwamini, Mchungaji," Pascalia akasema. "Lakini Mungu tayari anajua hayo unasema. Hii mashine ndiyo haijajua." Mchungaji alicheka. Pascalia hakucheka, na mimi niliyekuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake sikucheka pia, kwa sababu nilijua tabia hiyo ilitoka wapi.

Mimi ni Dorothy. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, si mbali na posta ya Kakamega. Upande wa dirisha nilikuwa na mashine yangu ya fotokopi, na upande wa ukuta alikaa yeye na kuandika kwake. Tulikuwa rafiki, na kama rafiki wa kweli tuligombana karibu kila siku: juu ya chai, juu ya mlango, juu ya nani amemkaribisha mteja vibaya. Lakini ugomvi mmoja ulikuwa mkubwa kuliko yote, na huo sijaumaliza hata leo. Nikiukumbuka bado najua mimi ndiye nilikuwa sawa, halafu najua yeye ndiye alikuwa sawa, na hasira inanijia upya.

Pascalia alizaliwa Iguhu, katika familia ya wakulima, akajifunza kupiga taipu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mwalimu wao aliwafunika mikono kwa taulo wasione herufi. Baada ya hapo alikaa miaka ishirini na mmoja kwenye ofisi ya serikali akipiga barua, mihtasari na orodha. Wenzake walimsifu kwamba hakosei. Nilimuuliza mara moja anawezaje kupiga hotuba nzima ya mkubwa fulani bila kusinzia. Akaniambia, "Dorothy, mpiga taipu mzuri hasikilizi. Maneno yanaingia sikioni yanatoka vidoleni. Ukianza kuyasikiliza unachelewa." Alisema vitu viwili tu ndivyo alivyovisikiliza: majina na namba, kwa sababu ukikosea jina la mtu au namba ya shamba utaitwa ofisini kuulizwa. Mengine yote yanapita.

Alipopunguzwa kazini mwaka wa tisini na tatu alikuja na taipureta yake, tukaungana. Mwisho wa mwaka uliofuata tukapata kompyuta iliyokwisha kutumika, kutoka Kisumu. Kijana aliyetuuzia alikaa nasi siku mbili kutufundisha. Alikuwa na haraka. Alituonyesha kioo cha buluu chenye herufi nyeupe, akatuonyesha F kumi ya kuhifadhi, kisha Enta na Y za kukubali, akatuambia mashine hii ina kumbukumbu, haisahau kama binadamu. Sisi tukaamini. Yeye mwenyewe nadhani aliamini.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la watu wa taipureta. Kwenye taipureta, neno ukishalipiga limekaa kwenye karatasi. Hata jengo liungue, ukitoka na karatasi umetoka na neno. Pascalia alipoona herufi zimekaa kwenye kioo, zinang'aa, alijua zimeandikwa. Alielewa kuhifadhi kama kuchomoa karatasi kwenye mashine: jambo la mwisho kabisa, kazi ikiisha. Ni nani anachomoa karatasi katikati ya barua? Kwa hiyo alikuwa akiandika kurasa mbili, tatu, nne, halafu F kumi mara moja, na kazi ikaisha.

Tena kulikuwa na daftari. Zamani, mtu akija kumsomea maneno, Pascalia aliyachukua kwanza kwa hati mkato, kwa penseli, kwenye daftari lenye waya, ndipo akayapiga. Kompyuta ilipokuja akaliacha daftari. Kwa nini uandike mara mbili, na kosa kwenye kioo linafutika bila hata alama? Mteja aliketi, akaongea, maneno yakaenda moja kwa moja kwenye kioo. Alijivunia jambo hilo, na wateja walipenda.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka wa tisini na tano, akaingia mzee mrefu aliyevaa koti zito na kofia mkononi. Alikuwa Barnaba Lusweti, mkulima wa mahindi kutoka Lumakanda, huko Lugari, mmoja wa wale waliogawiwa shamba wazungu walipoondoka. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri.

"Mulembe, mama," akasema. "Nimeambiwa hapa iko kompyuta."

"Mulembe, Mzee. Iko. Karibu kiti."

"Mi nataka mniandikie maneno yangu ya mwisho. Lakini si kwa kalamu."

Pascalia akamuuliza kalamu ina ubaya gani. Mzee akakaa, akaweka kofia gotini, akaeleza taratibu. Yeye mwenyewe alijua kutia sahihi tu. Barua zake zote nyumbani ziliandikwa na binti yake Maurine, aliyerudi kutoka kwa mume miaka sita iliyopita na watoto watatu. Maurine ndiye aliyemwuguza mama yao mpaka akafa, na sasa alikuwa akimwuguza yeye. Alitaka kumpa huyo binti kipande cha shamba. Vijana wake walikuwa watatu, na alijua watasema mwanamke hapewi udongo wa baba.

"Nikisema kwa mdomo, watangoja nife waseme sikusema," mzee akasema. "Ikiandikwa kwa kalamu, watasema ni mkono ya Maurine, yeye ndiye anaandikanga. Lakini ikitoka kwa mashine ya Kakamega, nani atabisha?"

Nilisikia mpaka hapo. Kisha nikawasha fotokopi, maana nilikuwa na mitihani ya moko, ile ya majaribio, ya shule mbili na mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akiangalia saa. Mashine yangu ilikuwa na kelele ya kusaga nafaka. Katika kelele hiyo nilimwona mzee akizungumza, na vidole vya Pascalia vikienda. Mara chache alimsimamisha: jina la mtoto huyu linaandikwaje, ekari ngapi, mpaka ni wapi. Baada ya hapo mzee aliongea kwa muda mrefu bila kusimamishwa, akiangalia mikono yake. Aliwahi hata kutoa kitambaa akajipangusa macho. Pascalia hakumwona, maana alikuwa akiangalia kioo.

Saa tisa kasoro stima ikaenda.

Fotokopi ilikufa na karatasi mdomoni. Kioo cha Pascalia kikawa cheusi. Hakuna aliyeshtuka, stima ilikuwa ikienda kila wiki. Mzee ndiye aliyeuliza.

"Sasa yale nimesema yako wapi?"

Pascalia akaweka kiganja juu ya kompyuta. "Yako hapa, Mzee. Yanangoja stima tu."

Mzee naye akanyoosha mkono wake, akaugusa mgongo wa ile mashine, akauacha hapo kidogo. Nilimwona. Sitaki kusema zaidi kuhusu jambo hilo.

Tulingoja mpaka saa kumi. Stima haikurudi, na mzee akasema hawezi kulala Kakamega, ng'ombe wake hawakamuliwi na kila mtu. Akaomba karatasi safi. "Nitie sahihi hapa chini kabisa. Stima ikirudi, upige maneno juu yake. Jumanne ijayo nakuja kuchukua." Pascalia akampa karatasi na kalamu. Aliandika B. Lusweti polepole, herufi kubwa zilizosimama wima, akaipuliza wino ukauke. Akatuaga, akaenda akiwa ametulia, mtu aliyemaliza kazi yake.

Stima ilirudi Jumatano asubuhi. Pascalia akawasha mashine, akangoja, akatafuta. Akatafuta tena. Aliingiza disketi zote moja baada ya nyingine, hata zile mpya ambazo hazijawahi kutumika. Ilipofika saa nne aliweka mikono mapajani akasema, "Haimo." Halafu akalia, bila sauti, na kamasi zikimtoka, mama wa miaka arobaini na tatu.

Lakini mzee angerudi Jumanne. Hilo ndilo lililotushika. Pascalia atamwomba msamaha, mzee atasema tena, naye ataandika kwa hati mkato, kwa kompyuta na kwa taipureta, mara tatu. Siku hiyo Jumanne Pascalia alivaa gauni lake la kanisani. Alikaa akiangalia mlango kutwa nzima. Mzee hakuja.

Alhamisi, saa saba mchana, tulikuwa tukinywa chai na redio imewashwa kwenye duka la vitambaa. Wakasoma matangazo ya vifo. Wakasema Mzee Barnaba Lusweti wa Lumakanda, baba ya Cleophas, Clifford na wengine, ameaga dunia Jumapili baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mazishi Jumamosi, nyumbani kwake. Maurine hakutajwa. Alikuwa ndani ya hao wengine.

Hapo ndipo tuligombana.

Nilifunga mlango nikamwambia Pascalia, toa ile karatasi. Sahihi ni ya mzee, haikuibwa, alitia kwa mkono wake tukiona. Piga yale unayokumbuka, tuipeleke, iishe. Alikaa akaandika kwenye kioo yale aliyoyakumbuka. Zilikuwa sentensi tisa. Cleophas sehemu ya juu yenye nyumba. Clifford katikati. Kitindamimba upande wa barabara. Na Maurine ekari mbili, kuanzia kwenye mstari wa miti ya blugamu kuteremka mpaka kijito. Majina na namba. Alikumbuka hata kwamba miti ilikuwa kumi na minane.

"Sasa chapa," nikamwambia.

"Mzee alisema karibu ukurasa mzima, Dorothy. Hizi ni sentensi tisa."

"Zilizobaki ni hadithi tu. Ekari ndizo muhimu."

"Hujui kama ni hadithi. Mimi pia sijui. Nikipiga hapa juu ya jina lake, nimemwandikia mtu maneno yake ya mwisho, halafu niseme ni yeye."

"Lakini ni ukweli! Unajua ni ukweli!"

"Najua. Ndiyo maana nitaenda kuwaambia mwenyewe."

Nilimwita mjinga. Nilimwita mengine ambayo sitayaandika. Nilimwambia ameshapoteza maneno ya mtu mara moja na sasa anataka kuyapoteza mara ya pili ili moyo wake uwe safi. Hilo lilimuuma, nikaona limemuuma, na sikujutia. Alichukua ile karatasi tupu akaitia kwenye bahasha kubwa. Zile sentensi tisa akazifuta kwenye kioo.

Huko kwao mzee, siku ya tatu baada ya mazishi ndiyo siku ya kunyoa. Jamaa wote wanakaa, wananyolewa, na mambo ya marehemu yanazungumzwa mbele ya watu: ni nani atasimama mahali pake, nini kiende kwa nani. Mtu mwenye neno la marehemu analisema siku hiyo au analimeza. Tulifika Lumakanda Jumanne saa tano. Nilienda naye, ndiyo, ingawa tulikuwa hatuongei.

Watu walikuwa wamekaa uani kwenye viti na mikeka, vichwa vimenyolewa vinang'aa. Aliyeongoza alikuwa Ignatius, ndugu mdogo wa marehemu, mzee mpole mwenye kikohozi. Nilimtambua Maurine kabla sijaonyeshwa. Alikuwa amekaa chini karibu na mlango wa jikoni, mtoto amelala mapajani, na alipotuona tukiingia na bahasha uso wake ulifunguka. Alikuwa akitungoja. Mzee alikuwa amemwambia maneno yake yako Kakamega.

Ignatius akamkaribisha Pascalia asimame. Akasimama na bahasha mkononi, akasema yote bila kuficha. Kwamba mzee alikuja, kwamba alisema, kwamba yeye ndiye aliandika, kwamba hakuhifadhi, kwamba stima ilienda na maneno yakaenda nayo. "Kosa si la stima," akasema. "Ni langu. Ningebonyeza mara moja tu yangekuwepo." Akawaambia aliyoyakumbuka atayasema kwa mdomo, na asiyoyakumbuka hatayabuni.

Akaanza. Cleophas sehemu ya juu. Wazee wakatikisa vichwa, ndiyo, ndivyo alivyosemanga. Clifford katikati. Ndiyo. Kitindamimba upande wa barabara. Ndiyo, hata jirani analijua. Nikaanza kufikiri labda mimi ndiye nilikuwa mjinga.

Akasema, "Na binti yake Maurine ekari mbili, kutoka kwa miti ya blugamu, miti kumi na minane, mpaka kijito."

Vichwa vikaacha kutikisika. Kuku tu ndio waliendelea kuchakura.

Cleophas akainuka. Nilitaka awe mtu mbaya, ingekuwa rahisi kwangu. Lakini alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ya chini, macho mekundu ya kumlilia baba.

"Mama, mimi sikuiti mwongo," akasema. "Nakushukuru umetoka mbali. Lakini hebu tufikirie pamoja. Hii ya sisi vijana, baba aliisema hapa nyumbani mara nyingi, tena mbele ya watu. Kwa nini alienda Kakamega? Ni kwa sababu ya hii moja. Alijua hii moja kwa mdomo haitoshi. Baba mwenyewe alijua. Sasa wewe unatuletea kwa mdomo."

Cleophas akaomba kuiona karatasi. Akaitoa kwenye bahasha, akaigeuza upande huu na ule, akaiinua watu waone weupe wake wote na jina la baba yake chini kabisa.

"Hii ni sahihi ya baba," akasema. "Lakini hakuna kitu ametia sahihi."

Wazee waliinamiana kwa muda. Ignatius akakohoa akasema walivyokubaliana. Maneno ya vijana wameyasikia kutoka kwa huyu mama na yanapatana na yale wanayojua, kwa hiyo yamesimama. Lile la msichana ni jambo geni, lilihitaji karatasi, na karatasi haina kitu. Maurine akae mpaka avune mahindi yake, kisha ndugu zake wataona. Alisema kwa upole, na nilimchukia kwa upole wake. Baadaye watu wakianza kutawanyika alimpa Maurine ile karatasi. "Hii ichukue wewe," akamwambia. "Ni mkono ya baba yako."

Maurine hakulia wala hakugomba. Alitupikia. Alituletea obusuma, ugali wa kwao, na mboga, akatunawisha mikono, akamwambia Pascalia, "Kula, mama, mmetoka mbali." Pascalia alikula. Sijui aliwezaje kumeza.

Tuliporudi Kakamega sikumsemesha siku nne. Nilikuwa nikifikiri jambo moja tu: sentensi tisa, dakika mbili za printa, na yule mwanamke angekuwa na pa kukaa. Ningefanya mimi. Ningefanya bila kupepesa macho, na Mungu angenisamehe, na kama hangenisamehe basi tungeongea. Ndivyo nilivyofikiri, na siku nyingi bado ndivyo ninavyofikiri. Lakini nimewahi pia kujiuliza, je, angekuja mwingine na karatasi yenye sahihi, na maneno ya uongo juu yake, nani angekuwa amemfundisha njia?

Asubuhi ya kwanza baada ya Lumakanda alikuja mteja na barua ya kuomba kazi. Pascalia akaandika mstari wa kwanza, akasimama, F kumi, Enta, Y. Mstari wa pili, F kumi, Enta, Y. Mteja akamwangalia. Mimi nikamwangalia. Tangu siku hiyo hakuacha. Na lile daftari lenye waya lilirudi mezani. Maneno ya mteja mwenye jambo zito Pascalia aliyachukua kwanza kwa penseli, yote, hata kikohozi chake.

Watu wanapenda kuamini kwamba mtu akijifunza kwa uchungu, uchungu unapungua. Sikuona hivyo kwake. Kila alipobonyeza alikuwa akibonyeza kwa ajili ya mzee aliyekwisha kuzikwa. Nilijaribu mara moja kumwambia inatosha, kila aya ingetosha. Akaniambia, "Siyo wewe ulimwambia mzee maneno yake yako hapa."

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, Maurine akaja.

Nilimwona mlangoni na kifurushi kichwani, mtoto mdogo mgongoni na wakubwa wawili wakimfuata. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Ndugu zake walikuwa wameona, kama Ignatius alivyosema, na walichoona ni kwamba hapakuwa na nafasi. Alikuwa anahamia kwa mama yake mdogo upande wa Ekero, huko kwenye miwa, na Kakamega ilikuwa njiani. Pascalia alisimama haraka hata kiti kikaanguka.

"Kaa, mama, mimi sikuja kwa ubaya," Maurine akasema. "Hata sikuja kwa shamba. Hiyo imeisha."

Nikawapa watoto mkate na chai. Maurine akaweka kifurushi chini, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa ile karatasi. Alikuwa ameikunja mara moja tu, katikati, kwa uangalifu. Akaikunjua juu ya meza ya Pascalia.

"Nataka unipigie hapa vile baba alisema juu yangu," akasema. "Si ekari. Vile alisema. Hakuwa mtu wa kuniambia kitu. Nilimwosha, nikamlisha, na alikuwa ananiambia tu leta maji, leta fimbo. Siku alitoka hapa alikuja akaniambia, nimekusema Kakamega. Ni hivyo tu. Nikamwuliza umesema nini, akasema utasoma."

Pascalia akakaa mbele ya mashine. Akaandika: Binti yangu Maurine. Akabonyeza F kumi, Enta, Y. Kisha vidole vikabaki juu ya herufi, vimekunjwa tayari, na havikwenda popote. Nilimwona akifunga macho. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kusikia watoto wakitafuna.

"Alianza hivyo," akasema. "Hilo nina hakika, kwa sababu nilimwuliza jina lako linaandikwaje. Halafu akaongea, akaongea. Nilikuwa napiga, mwanangu. Nikipiga sisikii."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Nimejaribu. Usiku na mchana nimejaribu."

Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba hata tungechapa zile sentensi tisa, mwanamke huyu angekuja na swali hilohilo, na tungekuwa hatuna cha kumpa. Hasira yangu yote haikuwa na mahali pa kukaa.

"Niliona mistari tu," Pascalia akasema. "Mashine huonyesha namba ya mstari kwa chini, na mimi huziangalia. Juu yako alianza mstari wa sita. Alipomaliza ilikuwa thelathini na mbili."

Maurine akaivuta karatasi karibu. "Wa sita ni wapi?"

Pascalia akahesabu kwa ukucha kutoka juu, akaweka alama ndogo ya kukwaruza pembeni.

"Na thelathini na mbili?"

Ukucha ukashuka, ukapita mkunjo wa katikati, ukaweka alama ya pili.

Maurine akatandaza kiganja chake chote juu ya weupe ule. Hakikutosha kutoka alama hadi alama, ikambidi aweke na cha pili.

"Yote hii ni mimi?" akauliza.

"Yote hiyo, mwanangu."

Mteja mmoja aliingia akitaka fotokopi ya kitambulisho. Nilimwambia mashine imeharibika, arudi kesho, nikamfungia mlango. Maurine alikuwa bado ameinama juu ya karatasi, mikono yake miwili imelala pale pale.